Mji Uliofungwa Sandukuni

"Ulaya!"

Ndilo neno lililomtoka Baba Blanchard mbele ya wakwe tulipoishia wiki iliyopita, na wengi wenu mmetutumia ujumbe wa kumtukana. Tulieni. Anayestahili kulia ni Floribert, na yeye hata kulia hajaruhusiwa.

Kwa aliyechelewa: tuko Rwambuzi, mtaa wa Bunia, uani kwa Koko Honorine, bibi aliyemlea Tina. Leo ukoo wa Floribert umekuja kumposa huyo Tina. Umeleta mbuzi, kreti za soda na vitenge vya wakwe. Baba Blanchard, baba mdogo wa Floribert, ndiye msemaji, na kwa desturi siku hiyo msemaji husema peke yake. Mchumba mwenyewe hukaa kitini, uso chini, mikono magotini, kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Akifungua kinywa tu, ukoo wake unatozwa faini, au amandi, kama tunavyoiita hapa kwetu.

Basi Koko Honorine alikuwa ameinua foto ya Floribert, ile aliyotumiwa apate kumjua mkwe kabla ya siku yenyewe, akauliza: "Hapa mutoto wenu alisimama, ni fasi gani?"

Nyuma ya Floribert, katika foto hiyo, kulikuwa na mfereji mpana wa maji, daraja la mawe, nyumba ndefu zilizobanana na mnara wa kanisa uliogusa mawingu. Msomaji, wewe unajua na mimi najua kwamba ule si mji. Ni mchoro wa rangi, wa zamani za mababu wa mababu, ulioletwa kutoka Uholanzi ukaonyeshwa kwa muda katika ukumbi wa parokia hapa hapa Bunia. Floribert, mwalimu wa darasa la tano, ndiye aliyekuwa akiwaeleza watu habari zake.

Na sisi watu wa Bunia tunajuana. Tukiona kitu kizuri ukutani hatukitazami tu, tunasimama mbele yake tupigwe foto. Delphin, rafiki wa Floribert na mpiga foto wa mtaa, alihamishia studio yake pale ukumbini. Shuka lake la siku zote la kutundika nyuma ya wapigwa foto, lile lenye ndege na maua, likabaki nyumbani limekunjwa.

Blanchard aliyajua yote hayo. Lakini aliona macho ya wakwe yamemkodolea, akaona nafasi ya kuukweza ukoo, na ulimi hauna mfupa.

"Ulaya," akarudia, akijirekebisha kola. "Mutoto wetu si mutu wa hivi hivi."

Hata mbuzi uani aliacha kutafuna.

Koko Honorine akaiweka foto mezani, akaigeuza uso chini.

"Sawa," akasema. "Mukamate mbuzi yenu, murudie. Tina haolewi."

Blanchard akahisi labda hakusikika vizuri. "Koko, nimesema Ulaya! Ulaya si fasi mubaya!"

"Njo kwa sababu umesema." Koko alikuwa mwembamba, lakini sauti yake ilijaa uani. "Mutoto wangu wa kwanza alisema, 'Mama, naenda Kampala kidogo.' Wa pili akasema, 'Naenda Kinshasa kidogo.' Mwengine iko Canada, ananitumiaka foto ya barafu. Siye tulikimbia vita kwetu Bule na miguu. Nyumba tuliacha, mashamba tuliacha, hata sufuria yenye ilikuwa kwa moto tuliacha. Mwenye alibakia na miye ni Tina tu. Sasa munaniletea mbuzi juu ya kuchukua na huyu?"

Nyuma ya pazia la mlangoni, alikofichwa mpaka aitwe, Tina alisikika akivuta pumzi.

Floribert aliumia. Alimpenda Tina tangu siku aliyomkuta sokoni akigombana na mwenye duka la sabuni, na kushinda. Alikuwa hajawahi kufika hata Kisangani. Na hapo alipokaa, uso chini, hakuweza kusema neno moja la kujiokoa.

Blanchard akaona maji yamefika shingoni. "Koko, nilikuwa nachekea tu. Ile si Ulaya. Ni tablo. Mutu alichora na rangi."

"Mate ukishatema, utairamba?"

"Koko, Mungu ni shahidi, ni tablo!"

"Weye unanifanya mujinga." Koko akaigeuza tena foto, akainyanyua wote waone. "Miye napigwaka foto ya studio tangu niko musichana. Shuka ya studio naijua. Inakuwaka na ndege, inakuwaka na maua, inakuwaka na nyumba nyeupe pe! Uchafu hakuna. Nani atamuita fundi amuchoree uchafu?"

Kidole chake kikaanza kutembea juu ya foto.

"Angalia hapa. Imbwa inakojolea ukuta. Angalia huyu mama, anamwanga maji ya vyombo kwa mulango yake. Angalia nguo kwa dirisha, moja imetoboka. Fasi yenye iko na imbwa ya kukojoa, hiyo ni fasi ya kweli."

Wazee wa upande wake wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Kusema haki, hoja ilikuwa nzito. Floribert alikuwa ameueleza mchoro ule kwa nusu ya Bunia, na hakuna aliyewahi kumbana namna hiyo.

"Na zile kofia?" Blanchard akajaribu. "Batu wa leo banavaaka kofia kubwa kama sinia?"

"Bazungu banavaaka chenye banataka."

Hapo Delphin akajitokeza. Yeye hakuwa wa ukoo wowote, kwa hiyo kinywa chake kilikuwa huru. Akafungua simu yake, akamkaribia Koko kwa heshima, akapiga goti.

"Koko, angalia mwenyewe. Batu bengi nilipiga pale pale, na bote ni ba hapa kwetu."

Koko akakaza macho. "Huyu si Mama Charlotte wa samaki?"

"Ndiyo, Koko!"

"Kumbe!" Koko akajipiga paja. "Njo maana simuonaka tena kwa soko. Na yeye amekwenda!"

"Hapana, Koko, yeye anauguza tu..."

"Na huyu? Si mupolisi wa kwa rond-point?"

"Ni yeye, lakini..."

"Hata mupolisi!" Koko akawageukia watu wa upande wake. "Yesu wangu. Banatuachia Bunia peke yetu."

Wanawake wakaanza kushika tama. Mmoja akataka kujua kama padri yupo bado. Delphin akaizima simu, akarudi mahali pake bila kumtazama mtu.

Kijana mmoja wa nyumba ile akaanza kufungua kamba ya mbuzi amrudishe kwa wenyewe. Mbuzi akirudi, posa imekufa, kila mtu anajua. Floribert akaitazama ile kamba ikilegea.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Floribert akasimama.

"Koko, nasema miye mwenyewe."

"Amandi!" wakapiga kelele wakwe wote kwa furaha isiyo na kifani. "Amefungua kinywa! Amandi!"

"Nitalipa. Kama ni jogoo, kama ni kreti, nitalipa. Koko, miye sijapandaka hata ndege. Ule muji iko hapa Bunia, kwa salle ya parokia, imechorwa juu ya kitambaa. Twende uione na macho yako. Kama nadanganya, mbuzi ibaki na weye, na miye nirudie mikono mitupu."

Koko akamtazama kwa mara ya kwanza usoni. "Nitaangalia mbele?"

"Mbele na nyuma, Koko."

"Twende."

Pazia likafunguka kwa nguvu. Tina akatoka mbio, kilemba kikiwa upande. "Floribert! Si leo banaipakia kwa ndege?"

"Amandi!" ukajibu upande wa Floribert, nao kwa furaha ile ile. "Bibi-arusi ameonekana! Amandi!"

Lakini Tina alisema kweli. Muda wa maonyesho ulikuwa umekwisha, na mchoro ulikuwa unaondoka mchana huo huo. Delphin akatoka barabarani, akapiga mluzi wa vidole viwili, na pikipiki za mtaa mzima zikaja.

Msomaji, kama ulikuwa Bunia ukaona msafara ule, sasa umejua ulikuwa wa nini. Mbele alikuwa Koko Honorine, amekaa upande juu ya pikipiki, ameshika bega la dereva kama anayeendesha ni yeye. Nyuma yake Floribert na Tina, kila mmoja na pikipiki yake, maana desturi ni desturi. Nyuma kabisa Baba Blanchard na mbuzi mapajani. Alikataa kumwacha uani, asije akahesabiwa kuwa amepokelewa.

Watu wa barabarani walipoona vitenge vipya vinapepea, wakadhani ni harusi. Wakapiga vigelegele. Wengine wakadandia pikipiki zao wakafuata, hata bila kuuliza nani anaolewa.

Kwenye mzunguko wa barabara, ile rond-point, Koko akapaza sauti: "Simamisha!"

Alikuwa amemwona polisi wa kwenye foto, na filimbi yake mdomoni.

"Weye, ulirudia lini?"

"Kutoka wapi, Koko?"

"Ulaya!"

Polisi akatoa filimbi mdomoni. "Koko, miye hata Komanda hapa karibu sijafika."

Koko akamgusa dereva bega, wakaendelea. Lakini Floribert, aliyekuwa nyuma yake, aliona shingo yake imelegea kidogo, na moyo wake ukapata nguvu.

Nguvu hizo hazikufika mbali. Walipoingia ukumbini walikuta ukuta mweupe. Mchoro haupo! Katikati ya sakafu lilisimama sanduku la mbao, jipya, limekazwa skrubu pembe zote. Kando yake Madame Marijke, mwanamke wa makumbusho aliyekuja na mchoro kutoka Uholanzi, alikuwa anafuta jasho, bisibisi mkononi. Nje gari liliunguruma.

Floribert akamweleza kwa Kifaransa, haraka haraka, kwamba anaomba sanduku lifunguliwe kidogo tu.

Madame Marijke alimpenda mwalimu huyu. Akasikitika kweli. Lakini akatikisa kichwa. "Haiwezekani, mwalimu. Likishafungwa, linafunguliwa kwetu Uholanzi tu. Ndiyo kanuni. Na ndege hainisubiri."

"Madame, nakuomba."

"Nisamehe."

Koko alikuwa amesimama kando, hajui hata neno la Kifaransa, lakini uso hauhitaji mkalimani. "Anakataa?"

"Anakataa, Koko."

"Sawa."

Akaenda mpaka mlangoni. Ukumbi ule una mlango mmoja tu wa kupitisha kitu kikubwa. Koko akakaa chini kwenye kizingiti, mgongo kwenye mwimo, akanyoosha miguu yake yote miwili mpaka upande wa pili, akaifunika kwa kitenge vizuri. Kisha akatazama mbele kama mtu anayesubiri chakula kiive.

Wapagazi wakainua sanduku. Wakafika mlangoni. Wakasimama.

"Nini?" akauliza Madame Marijke.

Aliyekuwa mbele akashusha upande wake taratibu. "Madame, hapa hatupite."

"Kwa nini? Rukeni tu!"

Mpagazi akamtazama kwa mshangao, kama aliyeambiwa amrukie mama yake mzazi. "Miguu ya mama muzee hairukwi. Hata moto ukiwaka, hairukwi."

"Basi mwambie aikunje."

"Mwambie weye, Madame."

Madame Marijke akaitazama saa, akaitazama miguu. Miguu haikuwa na haraka yoyote. Mwishowe akaweka mikono kiunoni, akauliza kwa Kifaransa kama kuna mtu wa kumweleza ni kitu gani kinaendelea katika ukumbi huu.

Tina akamweleza. Alimweleza kwa mdomo na kwa mikono, kuanzia mbwa mpaka Canada. Kwenye mbwa, Madame Marijke alijiziba mdomo, mabega yakamtetemeka. Habari za Mama Charlotte na polisi zikammaliza kabisa, akaegemea sanduku machozi yakimtoka. Lakini Tina alipofika kwenye Kampala, na Kinshasa, na barafu, na sufuria iliyoachwa motoni, mwanamke yule aliacha kucheka. Akamtazama bibi aliyekaa mlangoni.

Akachukua bisibisi, akaanza kufungua skrubu mwenyewe.

Ubao ulipotoka, ukumbi mzima ulikuwa umejaa watu. Mchoro ulikuwa mpana kama kitanda cha watu wawili. Mfereji ule pale, daraja, mnara, na mawingu mazito ya kijivu kama ya kwetu Aprili inapoanza.

Koko Honorine akainuka. Akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa rangi. Akaenda kando akachungulia nyuma, akaona mbao na kitambaa kilichochakaa. Akarudi mbele. Akamtafuta mbwa.

"Haijasogea," akasema polepole. "Inakojoa vile vile." Akamtazama yule mama wa maji ya vyombo. "Na weye, mama, bado haujamaliza tu?"

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akamshika Madame Marijke mkono asianguke, na kicheko kikaambukiza ukumbi wote, na Blanchard akacheka kuliko wote, kwa sababu alikuwa anaokoka.

Kisha kicheko kikaisha, lakini Koko hakuondoka mbele ya mchoro.

"Mwenye alichora hii, ilikuwa kwao?"

"Kwao kabisa, Koko," Floribert akajibu.

"Njo maana. Mugeni hawezi kuchora hata nguo yenye imetoboka. Huyu alipenda kwao." Akajifuta jicho kwa ncha ya kitenge. "Kama miye ningejua kuchora, ningechora Bule vile. Na matope ya mbele ya kanisa. Na kuku za jirani kwa bustani yangu. Yote."

Tina akamshika bega. Hata wale waliodandia msafara bila kualikwa wakavua kofia.

"Mukwe, kuya hapa," Koko akaita, na kwa neno hilo moja watu wakaguna. "Unaapa mbele ya hawa batu? Hautapeleka Tina mbali na miye?"

"Naapa, Koko. Miye ni mutu wa hapa."

Koko akauchukua mkono wa Tina, akauweka ndani ya mkono wa Floribert, akaifunika mikono yote kwa yake miwili. Vigelegele! Delphin akapiga foto mpaka simu ikapata joto. Blanchard akamshusha mbuzi, akamkabidhi Koko kamba rasmi, hapo hapo ukumbini, na mbuzi akakojoa sakafuni. Koko akasema hiyo ndiyo alama ya kwamba mambo ni ya kweli.

Madame Marijke naye alifurahi. Alifurahi mno. Akapiga makofi, akaomba asikilizwe, akasema kwa Kifaransa, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi:

"Nilitaka kumpigia simu mwalimu kesho, lakini siku kama hii afadhali niseme sasa! Makumbusho yetu yanamtaka. Hatujawahi kusikia mtu akiueleza mchoro huu kama yeye. Mwalimu Floribert, tunakualika Uholanzi, ukae nasi mwaka mzima!"

Akaendelea kupiga makofi. Peke yake.

Kila aliyekanyaga shule ukumbini alikuwa ameelewa. Vigelegele vilikatika kama bomba lililofungwa. Delphin akashusha simu. Floribert akautazama mchoro. Mwaka mzima mbele ya michoro kama ile, yeye, mtoto wa Bunia! Aliutaka mwaka huo, msomaji. Aliutaka papo hapo, na kiapo chake hakijapoa.

Koko akatazama nyuso. "Anasema nini?"

"Anasema..." Blanchard akakohoa. "Anasema kwaheri, tubaki na amani."

"Weye nyamaza. Kinywa chako leo kimefanya kazi ya kutosha." Koko akamgeukia mjukuu wake. "Tina. Weye haunidanganyaka. Anasema nini?"

Floribert akahisi mkono wa Tina unaubana wake mpaka vidole vikauma.

"Koko," Tina akasema, "anasema tuende kule kwao, Ulaya. Mwaka moja, halafu tunarudia."

Uso wa Koko ukaanza kukunjamana.

"Siye watatu," Tina akamalizia. "Floribert, miye, na weye, Koko."

Watatu! Hakuna mtu aliyetamka watatu. Floribert alijua, Blanchard alijua, ukumbi wote ulijua isipokuwa mmoja. Floribert alifungua kinywa, na kisigino cha Tina kikatua juu ya kiatu chake.

Koko Honorine hakupiga kelele. Aligeukia mchoro, akautazama tena, safari hii kwa muda mrefu: maji, daraja, mama na beseni lake. Akateremsha macho mpaka kwenye kandambili zake za plastiki, na vidole vya miguu vilivyochungulia nje.

"Kule," akauliza kwa sauti ndogo, "baridi iko sana?"

Madame Marijke aliuona uso wa bibi ukichanua, lakini hakuambulia neno. Akamwinamia Floribert, akitabasamu kwa matumaini.

"Mwalimu," akanong'ona kwa Kifaransa, "bibi amesema nini?"